Naomba ushauri: funguo ya gari niiweke wapi nikiwa baharini?

Habari zenu wadau, naombeni msaada. Msimu huu wa kusi nacheza kaiti (kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na tiara) ufukweni Diani, naenda peke yangu na gari, shida ni funguo. Gari ni zile za kubonyeza batani kuwasha, funguo ni rimoti, maji ya chumvi yakiingia imekwisha na kutengenezewa nyingine si bei ya kitoto. Nimejaribu kimfuko cha simu kisichoingiza maji, nikianguka vibaya kinavuja. Kuificha juu ya tairi naogopa, wezi wanapajua, halafu rimoti ikiwa karibu hivyo mtu akishika kitasa mlango unafunguka. Vijana wa bichi wengi ni waungwana lakini wanabadilishana, ukirudi uliyemwachia humkuti.

Ndani ya rimoti kuna kile kifunguo kidogo cha chuma kinafungua mlango bila betri. Nikiingia nacho shingoni, rimoti nikaifunga na foili ya jikoni ili gari lisipate mawimbi yake, nikaiacha ndani, gari litakubali kujifunga kweli ama litaanza kupiga kelele? Na kale kasanduku ka kufichia funguo, kanakofungwa kwa namba, ka kuning'iniza kwenye ndoano ya kuvutia gari, kuna aliyekatumia pwani, hakashiki kutu?