Dar hadi Mbinga kwa pikipiki: ninunue GPS au simu inatosha?

Mmatengo wa Kimara

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa saba nina likizo na mwaka huu sipandi basi. Naenda nyumbani Mbinga kwa pikipiki, peke yangu. Chombo ni Honda XL 125, fundi ameshaipitia, tairi mpya mbele na nyuma, kwa hiyo hapo tusipoteze muda. Ninachouliza ni ramani.

Barabara kuu naifahamu kwa macho ya abiria, maana yake nusu yake huwa nimelala. Nikishafika Mbinga nataka kushuka Mbamba Bay, nifuate Ziwa Nyasa kupitia Liuli hadi Lituhi, halafu nirudi kwa njia ya Kitai. Huko ndani mtandao ni wa kubahatisha na sina mwenyeji kila kijiji.

Kuna jamaa ananiuzia GPS ya pikipiki, Garmin zūmo XT, iliyotumika, kwa laki nane na nusu. Mwenzangu kazini anasema huo ni wazimu, nifunge simu kwenye usukani nitembee. Simu yangu ni iPhone 13 na bado nailipia. Yanayonisumbua ni chaji, jua, vumbi, mvua, na hawa vijana wa vishandu wanaopora simu nikikwama kwenye foleni hapa mjini.

Mwenye uzoefu anipe mwongozo. Matusi yapelekwe jukwaa la siasa.

Kipisi cha Muwa

Laki nane na nusu? Hayo ni mafuta ya kwenda Mbinga na kurudi, na mwakani tena, na mwaka unaofuata.

Njia yenyewe ina kona nne. Chalinze usikunje kwenda Tanga. Msamvu, pale Morogoro, usishike ya Dodoma. Makambako kata kushoto, la sivyo utashtukia uko Mbeya. Songea uliza ya Mbinga, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha. Andika kwenye karatasi, bandika juu ya tenki kwa selotepu. Uzi ufungwe.

Mmatengo wa Kimara

Hahaa, mkuu, hadi Mbinga nakubali. Sasa Liuli hadi Lituhi hiyo selotepu itanisaidia nini?

Solda na Waya

Naona watu wanabishana kifaa gani wakati swali la kwanza ni umeme. Mimi ni fundi umeme wa pikipiki, nitasema ya upande wangu.

Simu ikiwa na kioo wazi na ramani inatembea haimalizi siku bila chaji. Pikipiki yako ina betri ya volti 12, simu inataka volti 5, kwa hiyo unafunga kile kichaji cha USB kinachozuia maji. Simu ikivuta wati 10, kwenye betri hiyo haizidi ampea moja. Ukilinganisha na taa ya mbele ni kitu kidogo, usiogopeshwe.

Tatizo ni ufungaji. Vijana wengi wanapeleka waya moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Pikipiki inatetemeka, waya unasuguana na chuma, siku moja unagusa bodi na moshi unatoka chini ya siti. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, ya ampea mbili au tatu. Halafu chanya ipitie kwenye waya unaopata umeme ukiwasha swichi tu, ili ukizima pikipiki na kichaji kife. Ukisahau simu inachaji usiku kucha gesti, asubuhi utapiga kiki mpaka wapangaji watoke kukuangalia.

Waya wa chaji nunua mfupi, ulioshonwa kitambaa. Ule mrefu unanasa ukikata kona.

Njano Tano

Hiyo iPhone usiifunge kwenye usukani. Si maneno ya vijiweni. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021. Kamera za simu hizo zina sehemu ndogo inayoelea na kusukumwa na sumaku ili picha isitikisike. Mtetemo wa injini ukipita kwenye usukani hadi kwenye holda, ule mfumo unachakaa. Baadaye kamera inakuwa haitulii, kila picha ina ukungu. Walisema injini kubwa ndizo mbaya zaidi, na kwa vyombo vidogo wakashauri holda yenye mpira wa kupunguza mtetemo. Injini yako ni ndogo, sawa, lakini kushinda barabarani kutwa nzima si mchezo, na barabara za vumbi huko kwenu zitaongeza za kwao.

Kariakoo kuna simu za Android zilizotumika za laki moja na nusu, nyingine chini ya hapo. Chukua moja ambayo kamera yake ni mbaya tangu kuzaliwa, hiyo haina cha kupoteza. Haihitaji hata laini. GPS ya simu inapokea mawimbi ya setilaiti, haili bando. Bando ni la kuleta picha ya ramani, na ramani unaipakua ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi.

iPhone yako ikae mfuko wa ndani wa jaketi. Ukianguka porini utahitaji simu iliyo mwilini mwako, siyo iliyobaki kwenye usukani chini ya korongo. Na kishandu akikunyang'anya ile ya usukani, ameondoka na simu isiyo na laini wala M-Pesa.

Mmatengo wa Kimara

Hilo la kuwa na simu mbili sikuliwaza kabisa. Ramani ipi sasa? Google ninayoitumia mjini inatosha?

Dada wa Njiro

Kaka, mimi nitawapinga kidogo hapo juu. Naongoza wageni kwa pikipiki kanda ya kaskazini na naitumia hiyo zūmo. Watu wanaona bei tu. Kioo chake kinasomeka saa saba mchana jua likiwa utosini, unakibonyeza ukiwa na glavu, mvua ikinyesha hakishtuki. Simu ikilowa kioo kinajibonyeza chenyewe, tundu la chaji likiingia maji linagoma kuchaji. Jua nalo likiwa kali simu inapunguza mwanga yenyewe, mara inaacha kuchaji, mara inazima ipoe. Wewe unapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni mchana, joto la kule unalijua.

Ila kabla hujatoa laki nane na nusu, mwambie muuzaji aiwashe uone ina ramani ya wapi. Nyingi zinazoingia zimetumika Ulaya, zina ramani ya Ulaya, na ukifika Chalinze inakuonyesha kimshale kinaelea kwenye weupe. Sisi huku tunaweka ramani za Tracks4Africa, za watu wa Afrika Kusini, zinauzwa. Kwa hiyo hesabu gharama hiyo pia.

Kwa safari moja ya likizo, sikushauri ununue. Kwa mtu anayelala barabarani kila mwezi, inajilipa.

Kalamu Nyekundu

Suala la ramani niachieni mimi, maana nimewahi kuzichora kwa kujitolea.

Google ni nzuri mjini kwa sababu inajua foleni. Unaweza kupakua eneo ukalitumia bila mtandao, fanya hivyo kwa njia nzima. Lakini kwa huko Liuli, weka pia programu ya Organic Maps au OsmAnd. Zote mbili zinatumia OpenStreetMap, ile ramani inayochorwa na watu wa kawaida. Dar ilichorwa sana na mradi wa Ramani Huria, kuanzia 2015, vijana wa vyuo wakishirikiana na wakazi kwenye mitaa inayofurika. Vijijini kuna watu wa Crowd2Map, hao wamechora njia na vijiji vya Tanzania kwa miaka mingi. Ndiyo maana utakuta njia ya ng'ombe imo kule huku Google imeacha uwanda mtupu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Njia nyingi za vijijini zimechorwa kutoka kwenye picha ya setilaiti. Mchoraji yuko mbali, ameona mstari wa vumbi, ameufuata. Hakuona kama kwenye mto kuna daraja au kuna magogo mawili. Hakujua picha ilipigwa kiangazi. Programu nayo ikiupata ule mstari inaupigia hesabu kama barabara halali: mfupi, basi pita hapa.

Mfano uko kwenye safari yako hii hii. Angalia ramani kati ya Mikumi na Songea. Kuna mstari unashuka Ifakara, Lupiro, Malinyi, Kilosa kwa Mpepo, Londo, unatokea Lumecha karibu na Songea. Kwa macho ni njia ya mkato safi, unakwepa Iringa na Makambako yote.

Mndamba Halisi

Mkuu umenitoa maneno mdomoni. Mimi ni wa Malinyi. Daraja la Magufuli pale mto Kilombero limetuokoa, zamani ilikuwa kivuko, lakini mtu asidhani mbele yake ni mteremko. Kupanda Londo ni utelezi, mawe na msitu, na bonde lote likijaa maji ya masika huko usiende hata kwa kubembelezwa. Mwezi wa saba pikipiki zinapita, ndiyo, vijana wetu wanapita na magunia. Lakini wanapita wawili watatu, wanajua wapi pa kushuka na kusukuma. Wewe uko peke yako na mkoba wa likizo. Ikikuambia kata kushoto Mikumi, iache iseme. Nenda zako njia kuu ya Kitonga na malori.

Mmatengo wa Kimara

Asante sana mzee, hilo limeingia. Nimeangalia sasa hivi, kweli huo mstari upo, na kwa macho ungenivutia.

Je, nitalazimishaje ifuate njia ninayoitaka?

Kalamu Nyekundu

Usiandike Mbinga ukaiachia programu iamue. Gawa safari. Asubuhi andika Morogoro, ukifika andika Iringa, kisha Makambako, kisha Njombe. Vipande vifupi havina nafasi ya kukupeleka Londo. Na kabla ya kuondoka kila kituo, tembeza kidole juu ya njia yote uone inapopita.

Boda wa Umoja

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi kazi yangu ni kupeleka chakula kwa pikipiki, ramani iko wazi kutwa nzima, na kitu kimoja sijaona mmetaja: usiangalie, sikiliza.

Weka spika ndogo ya Bluetooth ndani ya helmeti, au spika ya sikio moja. La pili liache wazi usikie matatu inayokuja. Washa sauti ya maelekezo, zima muziki. Kioo utakitupia jicho ukiwa umesimama kwenye taa tu. Ukiwa kwa mwendo wa 60, kuangalia simu sekunde mbili ni zaidi ya mita 30 umeenda bila macho, na huko kwenu nasikia matuta hayana hata rangi.

Huku Kenya Google ina alama ya pikipiki kando ya ile ya gari. Kama kwenu inaonekana itumie ukiwa na mtandao, makadirio yake ya muda yako karibu na ukweli. Lakini ichungeni, inapenda vichochoro.

Kipisi cha Muwa

Matuta yetu yana rangi, ila imefunikwa na vumbi la uzalendo.

Swali la maana: trafiki akikusimamisha una spika sikioni?

Dada wa Njiro

Unafungua helmeti, unazima, unamwamkia. Mtu mwenye leseni, bima na mwendo wa kistaarabu hana hadithi ndefu. Wa tochi hawakukamati kwa spika.

Mmatengo wa Kimara

Wakuu, nimepata mwanga. Zūmo abaki nayo mwenyewe. Jumamosi naingia Kariakoo natafuta Android ya bei poa, naweka Organic Maps na Google zote, holda ya mpira, na nampelekea fundi wangu lile somo la fyuzi kama lilivyoandikwa. Karatasi ya Kipisi nayo nitaibandika kwenye tenki, siwezi kukataa.

Limebaki moja: Lituhi hadi Kitai, kuna mtu ameipita karibuni?

Mto Ruhuhu

Nipo Ruanda ya huku Mbinga, hapa hapa njiani. Kiangazi inapitika vizuri, ila jiandae na vumbi. Tahadhari yako iwe malori ya makaa ya mawe, yanatoka migodini yakielekea Kitai. Ukikutana nalo huoni mbele hata mita tano. Usilipite kwenye vumbi lake. Simama pembeni, subiri litue, ndipo uendelee. Na uondoke Lituhi asubuhi, usiku hiyo njia si ya pikipiki moja.

Mafuta jaza Mbinga. Ya kwenye chupa yapo njiani, ila karbureta ya XL usiionjeshe.

Mmatengo wa Kimara

Nimekuelewa ndugu yangu wa Ruanda. Nakufuata faragha unipe pa kunywea chai. Mrejesho nitauleta humu humu nikirudi.