Je, ni kweli Marekani ilihalalisha propaganda kwa raia wake mwaka 2013?

Baba Neema (Louisville):

Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa na wanaozijua sheria za huku.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna sauti inazunguka tangu wiki iliyopita. Anayezungumza anasema kuanzia 1948 serikali ya Marekani ilikatazwa kuwalisha wananchi wake propaganda, lakini Obama akaifuta sheria hiyo kimyakimya, na tangu Julai 2013 serikali inaruhusiwa kutudanganya bila kuvunja sheria yoyote. Wazee wetu waliotoka Kongo na Burundi wameipokea kama ilivyo. Hawa ni watu wanaoijua redio ya serikali kwa kuishi nayo, siwezi kuwaambia tu "achaneni nayo".

Nina sababu ya pili ya kuuliza. Ninaendesha kipindi cha Kiswahili kila Jumamosi kwenye redio ndogo ya jamii hapa mjini. Nimerithi kaseti za Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ambazo marehemu baba alizirekodi kule Kigoma. Tangu matangazo yalipokatika Machi 2025, wasikilizaji wananiomba niwawekee hata dakika kumi tu wasikie tena. Mwenzangu wa studio anasema nikithubutu navunja sheria, kwa kuwa idhaa ile ni ya serikali ya Marekani na ilitengenezwa kwa ajili ya watu walio nje ya nchi. Yupi yuko sahihi?

Mpare Halisi:

Hiyo sauti ni ya kweli mkuu. Inaitwa Sheria ya Smith-Mundt, tafuta utaikuta. Obama alisaini tarehe 2 Januari 2013, ikaanza kutumika Julai. Ndiyo maana siku hizi taarifa ya habari ukiiangalia unabaki unajiuliza nani kaiandika.

Mama Salha (Columbus):

Baba Neema, mwanangu, huyo wa kwenye sauti ameanza na ukweli akamalizia pasipo ukweli. Mimi ni mkalimani wa mahakamani, na kabla ya hapo nilikuwa nalea wazee majumbani. Kazi zote mbili zimenifanya nilifuatilie jambo hili, kwa hiyo nivumilie nikiandika sana.

Sheria ya 1948 ina majina ya seneta Alexander Smith wa New Jersey na mbunge Karl Mundt wa South Dakota. Truman aliisaini mwezi Januari mwaka huo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuipa Wizara ya Mambo ya Nje ruhusa na fedha za kuieleza Marekani kwa watu wa nje, wakati Wasovieti nao wanatangaza usiku na mchana. Ndani ya Bunge kulikuwa na wasiwasi, ni kweli. Wapo walioamini wizara ile imejaa watu wa mrengo wa kushoto, na wenye redio binafsi hawakutaka kushindana na serikali nyumbani. Lakini marufuku kamili ilikuja baadaye. Mwaka 1972 Seneta Buckley wa New York alitaka watu wa jimbo lake waone kwenye televisheni filamu ya USIA, shirika la serikali la habari za nje, kuhusu uvamizi wa Czechoslovakia. Seneta Fulbright alipinga kwa nguvu zote, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa: kazi za USIA zisisambazwe ndani ya nchi. Mwaka 1985 Seneta Zorinsky wa Nebraska akakaza zaidi, akitaja Urusi ya Kisovieti kama mfano wa nchi ambako serikali inawahubiria wananchi wake.

Nia ilikuwa njema, na mimi naiheshimu. Ila tazama ilichozaa. Raia analipa kodi, kodi inatengeneza vipindi, halafu raia huyo haruhusiwi kujua vinasema nini. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba USIA ina haki ya kukataa kuwapa nakala raia waliozidai kwa sheria ya uhuru wa habari. Umeona hapo? Sheria iliyotungwa kuibana serikali ikawa inaificha.

Marekebisho ya 2012, hayo aliyoyasaini Obama Januari 2013, yaliletwa na wabunge wawili wa vyama tofauti, Mac Thornberry wa Texas na Adam Smith wa jimbo la Washington, yakaingizwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi. Yanasema hivi: vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wa nje vinaweza kutolewa humu nchini vikiombwa. Yanahusu Wizara ya Mambo ya Nje na bodi iliyokuwa inasimamia Sauti ya Amerika na wenzake, basi. Na ile marufuku ya kutumia fedha zao kushawishi maoni ya wananchi wa Marekani imebaki humohumo ndani ya sheria. Kwa hiyo anayesema "uongo umehalalishwa" hajaisoma, au ameisoma na anataka wewe usiisome.

Sasa nikueleze kilichonifumbua macho mimi. Mapema 2004 nilikuwa namhudumia bibi mmoja mjane hapa Columbus, mwalimu mstaafu, akili yake kali kuliko yangu. Jioni yake ilikuwa na mpangilio: supu, vidonge, taarifa ya habari. Siku hiyo ikaja habari ya Medicare, bima ya afya ya wazee, kwamba sasa itaanza kuchangia gharama za dawa. Mwandishi mwanamke, sauti tulivu, picha za wazee na mfamasia, na mwishoni akajitaja jina na kusema anaripoti kutoka Washington. Bibi alinyoosha mkono nimpe kalamu, akaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: "dawa, muulize daktari". Aliamini. Mimi pia niliamini, kwa nini nisiamini? Ilikuwa ndani ya taarifa ya habari, katikati ya ajali ya barabarani na utabiri wa hali ya hewa.

Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba habari ya namna ile ilitengenezwa na Wizara ya Afya yenyewe. Yule mama alikuwa amekodiwa asome yaliyoandikwa. Vituo visivyopungua 40 nchi nzima vilirusha vipande vyake kama kazi ya waandishi, na lilikuwepo toleo la Kihispania lenye mtangazaji wake. Nilipolisikia hilo la Kihispania nilikasirika zaidi, kwa sababu najua mhamiaji mzee anavyoitegemea sauti inayozungumza lugha yake.

Mei 2004 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilitamka kwamba ile ilikuwa propaganda ya kificho na wizara ilitumia fedha kinyume cha sheria. Na sheria iliyovunjwa haikuwa Smith-Mundt! Ni mstari mmoja ambao Bunge limekuwa likiuweka kwenye sheria za bajeti tangu 1951, kwamba fedha hizi zisitumike kwa kujitangaza wala kwa propaganda ambayo Bunge halikuidhinisha. GAO inautumia mstari huo kwa mambo matatu: idara kujikweza, idara kufanya kazi ya chama, na serikali kusema kwa mdomo wa mtu mwingine bila kujitaja. Mabadiliko ya 2013 hayakuugusa mstari huo. Ukitaka kujua nani anamlinda bibi yangu yule mbele ya televisheni, ni mstari huo.

Mpare Halisi:

Mama, shikamoo. Nimekuelewa, lakini usiwasafishe sana. Mwaka 2018 iliandikwa magazetini kwamba Radio Free Europe, inayolipiwa na serikali hiyohiyo, ilinunua matangazo ya Facebook yakawalenga watu wa hapa hapa Marekani. Kabla ya 2013 wangethubutu?

Mama Salha (Columbus):

Marahaba. Hilo ni la kweli na walistahili kusemwa. Kutoa kipindi kikiombwa ni jambo moja, kulipa ili kimfikie Mmarekani ambaye hakukiomba ni jambo jingine kabisa. Lakini ona, hoja yako inaonyesha sheria ya 2012 bado ina mpaka, ndiyo maana tunaweza kusema waliuvuka.

Fundi Mitambo (Minneapolis):

Nichangie kidogo kutoka huku. Mwaka 2009 hapa Minneapolis, wakati vijana wa Kisomali wanavutwa kwenda kujiunga na al-Shabaab, redio moja ya hapa iliomba kurusha habari za Sauti ya Amerika zinazoihusu Somalia. Wakanyimwa, sababu ni Smith-Mundt. Wakati huo al-Shabaab wanapakia video zao mtandaoni na hawaombi ruhusa kwa mtu. Kisa hicho kilitajwa sana na waliotaka sheria ibadilishwe. Sisi tulioishi hapa miaka ile hatukuona hayo marekebisho kama njama. Tulijiuliza mbona wamechelewa.

Halafu kiufundi marufuku ilikuwa imeshavuja zamani. Tovuti ya Sauti ya Amerika ilikuwa inafunguka humu nchini kama tovuti nyingine yoyote.

Baba Neema (Louisville):

Mama Salha, ahsante sana, na wewe Fundi. Swali moja linanisumbua. Huo mstari wa bajeti, mtu akiuvunja anafanywa nini? Anafungwa? Anarudisha hela?

Mama Salha (Columbus):

Hapo ndipo panaponiuma.

GAO haina polisi wala mahakama. Inaandika uamuzi, inaipelekea Bunge, idara inatakiwa kutoa taarifa ya fedha zilizotumika isivyo halali, basi. Mwaka 1987 walitamka kwamba ofisi moja ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, iliyoundwa wakati wa Reagan kuwaombea uungaji mkono waasi wa Contra wa Nicaragua, ilifanya propaganda ya kificho: makala za magazetini zilizoandaliwa kwa msaada wa serikali na kutiwa sahihi na watu wengine. Mwaka 2005 ilikuwa zamu ya Wizara ya Elimu, chini ya Bush. Mchambuzi wa televisheni Armstrong Williams alipewa mkataba wa dola 240,000, akawa anaisifu sheria ya elimu ya Rais na watazamaji hawaambiwi. Mwaka 2015, chini ya Obama, ilikuwa EPA, shirika la mazingira, lililosambaza ujumbe wa kuunga mkono kanuni yake ya maji kupitia akaunti za wafuasi wake mitandaoni, na anayeusoma hana njia ya kujua kwamba ulitungwa na serikali. Vyama vyote viwili, miaka tofauti, tabia ileile. Katika yote hayo sijaona aliyepelekwa jela kwa kosa hilo.

Na ubishi uko palepale. Baada ya uamuzi wa Medicare, wanasheria wa serikali waliziambia idara mapema 2005 kwamba maoni ya GAO hayawafungi, kwamba habari ikiwa na taarifa sahihi tu hakuna kosa hata kama aliyeitengeneza hajatajwa. Mwanangu, hoja hiyo naipinga kwa moyo wote. Bibi yangu hakudanganywa kuhusu dawa. Alidanganywa kuhusu nani anayemwambia, na bila kujua nani anasema huwezi kupima unachoambiwa. Seneta Robert Byrd wa West Virginia aliliona hilo, na mwezi Mei mwaka huo akafanikisha kipengele cha bajeti kinachotaka habari zilizotengenezwa na serikali zitaje wazi kuwa ni za serikali.

Kuna na lile jambo la idara kufanya kazi ya chama, ambalo halijifichi. Oktoba 2025 serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti, tovuti ya Wizara ya Nyumba ilibandika tangazo la kuwalaumu wapinzani wa Rais, na majibu ya barua pepe ya wafanyakazi wa Wizara ya Elimu waliokuwa likizo ya lazima yakabadilishwa yawalaumu maseneta wa Democrat, kana kwamba wao wenyewe ndio waliosema. Jaji alisema serikali imevunja haki ya wafanyakazi hao ya kutosemeshwa wasiyoyataka. Angalia, walishinda kwa Katiba. Hawakuushika mstari wa bajeti. Ningependa Bunge liupe nguvu, raia aweze kwenda nao mahakamani mwenyewe, lakini sijaona dalili.

Kuhusu kaseti za baba yako, Mungu amrehemu, mwenzako wa studio amepitwa na wakati. Kilichotengenezwa na Sauti ya Amerika yenyewe hakina hakimiliki humu nchini, na tangu Julai 2013 redio ya hapa inaweza kukirusha. Uangalizi wako uwe kwenye vipande walivyovichukua kwa wengine: habari za mashirika kama Reuters na AP, na muziki. Idhaa ile ilianza 1962, na kaseti za miaka ya nyuma zina nyimbo nyingi katikati ya maelezo. Hizo nyimbo zina wenyewe, zikate.

Na kabla hujabonyeza, waambie wasikilizaji: hii ni redio iliyolipiwa na serikali ya Marekani, mwaka fulani, imerekodiwa Kigoma. Rudia kipande kikiisha, kuna wanaofungua redio katikati.

Baba Neema (Louisville):

Nimepata nilichokitaka, na zaidi. Jumamosi naanza na kaseti iliyoandikwa "Zaire 1991" kwa mwandiko wa mzee, nikishakata muziki. Mama Salha, wale wazee nitawasomea maelezo yako kwenye kundi, ila wengi wao wanakisikia Kiswahili cha Bukavu na Uvira, ukiniruhusu nitayapunguza makali ya kisheria.

Mama Salha (Columbus):

Punguza mwanangu, ila hicho cha Medicare wasomee chote. Wengi wao wana hiyo kadi mfukoni.