Tupeane uzoefu: watoto wetu wa Mwanza wanafikaje shule salama?

Mama Pacha (Igoma)
Wakuu, habari za asubuhi. Nina mapacha darasa la pili, wanatoka nyumbani saa 12 na dakika kumi kuwahi namba. Mimi nimekulia Dar, na nilipohamia huku nilishangaa jinsi kunavyochelewa kucha. Kumbe jua la Dar linatutangulia kama dakika 25, sisi tuko magharibi zaidi, lakini saa ya nchi ni moja na kengele inalia muda uleule. Mwezi wa pili jua linachomoza saa 1 ikiwa imekaribia kabisa. Mtoto wa Temeke anavuka barabara anaonekana, wa kwangu anavuka kama kivuli.

Wiki iliyopita bodaboda kampitia mmoja karibu mno, akamkwaruza begi. Hakuumia, ila kalia mpaka darasani. Yule kijana alisimama, akaniambia, "Mama, sikumwona kabisa." Namwamini. Shati ni jeupe, lakini sweta la shule ni bluu iliyokoza na limelifunika lote.

Nyie mnafanyaje? Naomba yale ya "mzazi kuwa makini" tuyaweke pembeni, umakini ninao.

Boda wa Kona
Pole sana mama. Msinipige mawe, na mimi naendesha, kijiwe changu kiko Buzuruga. Alfajiri ikija Hiace mbele yako imewasha taa kubwa, kwa sekunde mbili tatu unaendesha kwa kukariri barabara. Hapo kinachokuokoa ni kitu chochote kinachong'aa, hata soksi nyeupe.

Rifleta yangu ilipochanika sikuitupa. Nilikata ile mistari ya kijivu inayong'aa, fundi cherehani akanishonea kwenye mabegi ya wanangu, mgongoni na kwenye mikanda ya mbele. Kanidai buku tu. Sasa begi la binti yangu naliona toka mbali, kabla hata sijajua kama lina mtu.

Ila na nyie wazazi, mnapotupakia watoto watatu mshikaki kwa nauli ya mmoja, tulaumiane sawasawa. Mimi nimeacha hiyo kazi mwaka jana, baada ya mmoja kusinzia nyuma tukiwa kwenye mteremko. Nilisikia tu uzito umehamia upande mmoja.

Mzee wa Magu
Mnawadekeza. Sisi mwaka 1978 tulitembea kilomita 6 pekupeku na tukafika.

Mama Pacha (Igoma)
Shikamoo mzee. Hiyo 1978 ulipishana na magari mangapi?

Mzee wa Magu
Marahaba. Mawili. La tatu lilikuwa bovu.

Haya, niseme la maana. Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, anakwenda na baiskeli kwa barabara ya Musoma. Mimi nilijifunzia baiskeli ya baba, mguu umepita chini ya chuma cha katikati kwa sababu kitini sifiki, na breki ni kandambili kwenye tairi la nyuma. Yeye nimemkataza. Haondoki mpaka breki zote mbili zishike, na kiti nimekishusha ili akisimama miguu iguse chini.

Kinachonitisha ni malori. Lori likikupita linakusukuma kwanza na upepo wake, halafu linakuvuta. Na pembeni lami imeliwa, imeacha kingo ya karibu shubiri. Kushuka pale si kazi. Kupanda tena ndiko kunakoangusha, na unaangukia barabarani. Kwa hiyo tumekubaliana: akisikia lori nyuma na kuna jingine linakuja mbele, anashuka mapema, anasimama, yanapita. Mwanzoni wenzake walimcheka. Siku hizi wanashuka wote.

Kirumba Damu
Kwetu daraja la waenda kwa miguu la Furahisha lipo, na asubuhi watu wazima na tai zao wanakatiza chini. Mwanangu akaniuliza mbona yule baba hapandi. Nikamwambia ana haraka. Akasema, "Na mimi nina haraka." Nikapanda naye ngazi kimya kimya, na sasa napanda hata nikiwa peke yangu, maana darasa lao lote linanijua.

Ticha wa Sayansi
Niliwatoa darasa la sita uwanjani na kamba ya kupimia. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, la 30 ni mita 8 na kidogo. Dereva akishtuka, kama sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Tukachora mistari kwa chokaa, mtoto mmoja akasimama mita 10. Akaangalia huku na huku, akasema, "Mwalimu, la 30 ndiyo kwanza linaanza kufunga breki. La 50 limeshanigonga bila hata kufunga." Darasa zima likanyamaza.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa matuta. Wale Amend, shirika la usalama barabarani, ambao mpango wao wa SARSAI wa kulinda watoto njia ya shule ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, kazi yao Dar ilikuwa hiyohiyo: matuta, njia za miguu na vivuko mbele ya shule.

Mkitaka kuomba, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaani ni TARURA. Barua ipite kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa, na ambatanisheni mchoro. Yetu ya kwanza haikuwa nao, ikarudi na swali moja: tuta liwekwe wapi?

Bibi wa Igombe
Mjukuu ndiye ananiandikia. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, aliacha kamba ya nyavu yenye maboya. Nimekata kipande, kila mtoto anashika boya lake. Wako 11. Wa darasa la saba anatangulia na tochi, mimi nakaa upande wa magari, na tunatembea kulia ili gari linalokuja tulione usoni. Anayeachia anajulikana hapohapo, kamba inalegea. Mama zao wananipa dagaa kwa zamu.

Mvua ikiwa kubwa hatupiti korongoni, tunazunguka. Tukichelewa tumechelewa. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa zamu kumwambia watoto wangu wasichapwe siku hizo, maana mwaka juzi walikuwa wanakimbia kukwepa fimbo na kukatiza barabara bila kuangalia. Alinisikiliza.

Mama Pacha (Igoma)
Wabeja sana bibi, hilo la fimbo sikuwa nimelifikiria, na wangu nao wanakimbia. Maboya unauza?

Bibi wa Igombe
Siuzi. Njoo uchukue, na uje na sukari.

Mama Pacha (Igoma)
Nimerudi nayo matano, jirani watatu wameshaandikisha watoto wao. Rifleta nimepata kwa fundi pikipiki. Vita ya nani ashike boya la mbele imeanza tangu jana usiku.