Mgonjwa wa Pink Floyd nisome nini?

Wadau, Animals (1977), albamu ya hii bendi ya roki ya Uingereza, nimeisikiliza mpaka naota mbwa na nguruwe. Nipeni vitabu. Wasifu wa tarehe tupu sitaki, huwa nasinzia ukurasa wa tatu.

— Nick Mason, Inside Out (2004). Mpiga ngoma wao mwenyewe, na anajicheka kweli.

— Mkuu, hao nguruwe asili yao ni George Orwell! Soma Animal Farm. Orwell alimlenga Stalin, Roger Waters, mtunzi na mpiga besi wa Pink Floyd, akawageuzia kibao mabepari. Tena kondoo wa Waters wanaasi, wanawaua mbwa.

— Usimsahau Syd Barrett, mwimbaji wao wa mwanzo. Jina la albamu yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn (1967), ni la sura ya 7 ya The Wind in the Willows, ya Kenneth Grahame.

— Si hadithi ya watoto hiyo? Haya, naanza nayo leo usiku.