Mjadala: Msamaha wa ushuru wa bajaji za umeme, uwe kwa zote au kwa zenye mota isiyo na sumaku tu?

Mkwerekwe Sokoni:
Assalaam alaykum wana jukwaa. Tuseme Baraza la Wawakilishi la Zanzibar linapitisha msamaha wa ushuru kwa bajaji na bodaboda za umeme. Wapewe wote, au wapewe wale tu wanaoleta zenye mota isiyo na sumaku, hizi wanazoziita switchi rilaktansi? Kwa ufupi nitaiita SR.

Mimi nasema SR tu. Sumaku kali za neodimia zinatoka China kwa sehemu kubwa mno, na Aprili 2025 China iliweka vibali vya kusafirisha aina saba za madini adimu, kundi la neodimia. Disprosiamu imo, ile inayotiwa ili sumaku ihimili joto. Sumaku ya neodimia ya daraja la kawaida ikipita nyuzi 80 inaanza kupoteza nguvu, na ngozi yake ya nikeli ikichubuka inaota kutu. Kutu ya pwani yetu sina haja ya kuwaelezea. SR haina habari hizo. Rota yake, sehemu inayozunguka, ni bati za chuma zilizobanwa pamoja, hamna sumaku, hamna waya. Koili zote ziko kwenye stata, sehemu iliyotulia. Ikiungua, fundi wa Mlandege anaisuka, maisha yanaendelea. Karibuni.

Kijana wa Fumba:
Wa alaykum salaam. Mzee, umesoma ukurasa wa kwanza ukafunga kitabu.

SR huwezi kuichomeka kwenye umeme ikazunguka. Chukua ile ya 6/4, stata ina meno sita, rota manne, feizi tatu, yaani makundi matatu ya koili. Unawasha feizi moja, jino la rota linavutwa lielekeane na jino la stata. Linapofika, zima, washa inayofuata. Ukichelewa kuzima, jino likishapita, umeme uliobaki unalivuta kurudi nyuma na mota inajipiga breki yenyewe. Kwa mizunguko 3000 kwa dakika hiyo ni mivuto 600 kila sekunde. Lazima kontrola, kile kiboksi cha elektroniki kinachowasha na kuzima feizi, ijue rota iko wapi wakati wote, kwa sensa au kwa hesabu. Halafu kadiri kasi inavyopanda, koili inachelewa kujaa umeme, kwa hiyo unawasha mapema zaidi, kama mnavyosogeza taimingi ya plagi kwenye injini ya petroli.

Huo ndio ugumu. Haukuondoka, umehama tu kutoka kwenye mota kwenda kwenye kontrola. Na nyinyi mnataka kumkabidhi kazi hiyo fundi anayehesabu mizunguko ya koili kwa chaki ukutani?

Fundi Mlandege:
Chaki ukutani ni mimi huyo. Nimekufahamu vizuri, kijana.

Naweka chaki kwa sababu mteja ananisimamia kichwani ananipigia soga za mpira huku nahesabu. Kabla sijaitupa koili ya zamani naikata kwa patasi, nahesabu mizunguko, napima unene wa waya kwa maikromita, naandika. Pampu za visima za mahoteli yenu huko Fumba zinakuja kwangu usiku usiku, zimefungwa kwenye kanga ili wageni wasione. Sijawahi kurudishiwa hata moja kwa kosa la hesabu. Wewe umesuka mota gani?

Kijana wa Fumba:
Sikukutaja wewe, mzee wangu. Nilikuwa nasema kwa jumla.

Fundi Mlandege:
Kwa jumla ndiyo mimi. Mlandege mafundi wa waindingi hatujazi hata baraza moja.

Skuli ya Usiku:
Samahanini. Mota ya induksheni, ambayo umeme wa stata unazalisha umeme ndani ya rota, nayo haina sumaku, na kila fundi anaijua. Tesla Model S ya 2012 ilianza na induksheni. Kwa nini tunabishana SR na sumaku kama vile hakuna ya tatu?

Bint Wete:
Nimecheka na kanga ya hoteli. Lakini Fundi, mwenzio kasema neno ukalipita. Mota unaweza kuisuka, sawa. Kontrola je? Nyinyi watu wa Unguja mkiharibikiwa na kitu mnakaa kusubiri meli. Mwaka 2008 waya wa umeme wa baharini kutoka bara ulipokatika mlikaa gizani miezi mitatu, huku Pemba tunawasha kwa majenereta yetu ya Wesha.

Abuu Jang'ombe:
2008 ilikuwa kama mwezi mmoja, Mei mpaka Juni. Miezi mitatu ni ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Ukitaka kutusema, tuseme kwa tarehe zake. Na Pemba mlikuwa mnaungua dizeli kwa sababu hamkuwa na waya hata wa kukatika. Wenu wa kutoka Tanga ulikuja 2010.

Bint Wete:
Tarehe nimekupa, zichukue. Giza lilikuwa la nani?

Abuu Jang'ombe:
Letu. Na tuliishi. Tuliuza barafu ya jenereta, watu wakajenga nyumba.

Mwana wa Mkoani:
Wallahi ile barafu. Binamu yangu alikuwa Darajani wakati ule, alinunua Vespa kwa barafu. Jenereta kama ile mlikuwa mnapata wapi mafuta?

Mkwerekwe Sokoni:
Jamani. Ushuru. Bajaji.

Abuu Jang'ombe:
Unangojewa wewe, yakhe. Umesema SR ni mambo mapya, sisi tukafuata.

Mkwerekwe Sokoni:
Sikusema mapya. Ni ya zamani kuliko bibi zetu. Mskochi Robert Davidson aliendesha gari la moshi lisilo na moshi kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow mwaka 1842, kwa mota ya asili hiyo hiyo: chuma kinavutwa na koili zinazowashwa na kuzimwa kwa zamu. Lilikwenda kasi ya mtu anayetembea, na betri zake zilikuwa zinakula zinki. Likafa. Transista za nguvu, swichi za elektroniki, zilipokuja ndipo watu wa Leeds wakaifufua, profesa Lawrenson na wenzake, mnamo 1980.

Mkaazi wa Shangani:
Hamna hata mmoja aliyetaja kelele! SR inalia. Nilipanda kimashine chenye mota hiyo nje ya nchi, kikianza kuondoka kina mngurumo unakutetemesha meno. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, sauti zinagonga ukuta kwa ukuta. Vespa peke yake zimetushinda.

Fundi Mlandege:
Bajaji haiingii uchochoroni kwako hata ukiisukuma. Wewe lala.

Mkaazi wa Shangani:
Nimeuliza swali la kitaalamu nimejibiwa nilale. Ndiyo maana nchi haiendi.

Kijana wa Fumba:
Swali lake ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Jino la stata likivuta jino la rota halivuti kwa kuzunguka tu, linavuta pia kwa ndani, kuelekea katikati. Stata nzima inaminywa, inaachiwa, inaminywa, mara mamia kwa sekunde. Masikio yanasikia hiyo. Na nguvu ya kuzungusha inakuja kwa vipande vipande, kwa hivyo mwendo wa taratibu unakuwa na mishtuko. Dawa zipo: mgongo mnene wa stata, meno mengi zaidi kama 12/8, na kontrola inayopandisha na kushusha umeme kwa mpango badala ya kuukata ghafla. Mnaona tumerudi wapi? Kontrola.

Skuli ya Usiku:
Induksheni hailii hivyo.

Dereva Amani:
Kwani Tesla wa sasa si ndio wanatumia hiyo rilaktansi? Niliona video.

Kijana wa Fumba:
Model 3 inatumia rilaktansi ya aina nyengine, ya sinkronasi, na imetiwa sumaku ndani ya rota. Jina linafanana, mota mbali.

Fundi Mlandege:
Sasa nimpe Kijana haki yake kidogo tu, isimlevye. Kontrola ya SR kwa kila feizi ina swichi mbili na diodi mbili (za kupitisha umeme upande mmoja tu), koili imekaa katikati ya swichi. Raha yake, swichi zote mbili zikiwaka kwa bahati mbaya umeme lazima upite kwenye koili, hauendi moja kwa moja kulipua. Na mwelekeo wa umeme kwenye koili haijalishi, chuma kinavutwa tu. Feizi moja ikifa, zilizobaki zinakufikisha nyumbani, na gari linalia njia nzima. Kwenye mota ya sumaku, tairi likiwa linazunguka sumaku inaendelea kuzalisha umeme hata ukizima kila kitu. Koili ikiwa na shoti, inaendelea kujichoma huku bajaji inavutwa kwa kamba. Nimeona iliyofika kwangu hivyo, vanishi yote imekuwa majivu.

Na meno ya SR yakiwa yamenyooka, koili unaisuka pembeni kwenye kibao, unaichomeka kwenye jino, basi. Kazi ya asubuhi moja. Wasiwasi wangu mimi ni beringi. Nafasi kati ya rota na stata ni ndogo mno, sehemu tu ya milimita. Beringi ikila kidogo, rota inaegemea upande mmoja, kelele zinazidi, mwisho inasugua. Mchanga wetu na chumvi yetu, dereva asiyebadilisha sili, hesabu mwenyewe.

Mwana wa Mkoani:
Basi kumbe Fundi anakubali kontrola ndiyo tatizo.

Fundi Mlandege:
Nimesema beringi. Unasoma au unatafuta nilipoteleza?

Bint Wete:
Ngojeni. Mkwerekwe anataka sharti liwekwe kwenye mota. Mimi naona sharti likae kwenye kontrola. Anayetaka msamaha alete mchoro wa kontrola yake, kiboksi kinachofunguka, na vipuri vya swichi vya kutosha viwekwe hapa, Unguja na Chake. Mota yake iwe na sumaku, isiwe nayo, shauri yake. Serikali ikitaja aina ya mota, wataleta SR yenye kontrola iliyofungwa, na siku kampuni ikiondoka mtabaki na chuma safi kisichozunguka.

Mkwerekwe Sokoni:
Hiyo ni mada nyengine, dada.

Bint Wete:
Ni hiyo hiyo. Hujaipenda tu.

Abuu Jang'ombe:
Na afisa ushuru pale bandarini Malindi atajuaje mota ina sumaku au haina? Atafungua kila bajaji? Mnatunga sheria ambayo mkaguzi wake ni bisibisi.

Dereva Amani:
Hilo ndilo langu. Mimi ninayo bajaji ya umeme, imesimama wiki ya pili sasa. Aliyeniuzia aliniambia haina sumaku, "teknolojia mpya". Nitajuaje?

Fundi Mlandege:
Iko wapi?

Dereva Amani:
Uani kwangu.

Fundi Mlandege:
Zima betri, chomoa plagi yake kabisa. Nyaya nene zinazotoka kwenye mota ni ngapi?

Dereva Amani:
Tatu.

Fundi Mlandege:
Zichomoe kwenye kontrola zote tatu, zisigusane. Inua nyuma kwa jeki, zungusha tairi kwa mkono. Halafu ncha zote tatu za shaba zifunge pamoja, zungusha tena. Ikiwa nyepesi mara ya kwanza na nzito mara ya pili, ina sumaku na koili ni nzima. Ikiwa nzito mara zote mbili, koili zina shoti, au beringi imekufa. Ikiwa nyepesi mara zote mbili, haina sumaku, tutazungumza.

Skuli ya Usiku:
Nyepesi mara zote mbili inaweza kuwa induksheni. Nyaya tatu vilevile.

Fundi Mlandege:
Huyu naye yupo? Sawa, umesema kweli.

Mwana wa Mkoani:
Hajanijibu mtu kuhusu mafuta ya jenereta.

Dereva Amani:
Nimefanya. Mwanzo nyepesi. Baada ya kuzifunga, nimesukuma kwa mikono miwili inakwenda kwa shida, kama kuna mtu kaishika ndani.

Fundi Mlandege:
Sumaku. Na mota yako haina ubaya. Umeuziwa maneno.

Kijana wa Fumba:
Na kama mota ni nzima, iliyokufa itakuwa nini? Sitaki kulitaja jina lake.

Fundi Mlandege:
Huna haja ya kucheka. Dereva, fungua kontrola, nipigie picha ya swichi, nisome namba. Swichi moja tu ikiwa imekufa nakubadilishia.

Dereva Amani:
Nimefungua skrubu nne za mfuniko. Ndani imemiminwa kitu cheusi kigumu kama lami mpaka juu. Hakuna swichi inayoonekana, hakuna namba.

Bint Wete:
Mkwerekwe, bado ni mada nyengine?

Mkwerekwe Sokoni:
Nasoma. Msamaha kwa SR ungemsaidia huyu kwa sababu asingekuwa na sumaku.

Abuu Jang'ombe:
Angekuwa na SR isiyozunguka badala ya sumaku isiyozunguka.

Fundi Mlandege:
Dereva, usiipige nyundo hiyo lami. Kuna ya kulainika kwa joto na kuna isiyolainika. Ilete kesho baada ya Adhuhuri nijaribu kwa hita upande mmoja, sikuahidi kitu. Kijana wa Fumba, na wewe njoo kama una ubavu. Chaki ipo.

Kijana wa Fumba:
Nakuja na osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Kanga nitakukuta nayo?