Betri imevimba ndani ya wiki tano, muuza spea ananiambia "kosa lako, ulifunga mwenyewe"

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha.

Nina stationari ndogo Tabata. Laptop ni moja tu, na umeme ukikatika katikati ya kazi ya mteja, betri ndiyo inayoniokoa. Tangu 2021 mashine hiyo haijagusa meza ya fundi. Kibodi nimebadili mwenyewe, feni nasafisha mwenyewe, diski ya zamani nimeitoa nikaweka SSD mwenyewe. Sikuanza kwa kupenda. Nilianza baada ya fundi mmoja kunirudishia mashine ina ramu ya GB 4 wakati nilimwachia ikiwa na GB 8, nami sina ushahidi wa kumbana nao. Nikanunua bisibisi, nikajifunza.

Betri ya zamani ilipochoka nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Nikaambiwa 95,000, "OG kabisa bosi wangu, garantii miezi sita". Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikajibiwa kwamba kwa risiti hiyo bei inapanda. Nikachukua ya kuandikwa kwa mkono, yenye muhuri wa duka.

Kwa wasiojua, kwenye mashine yangu kubadili betri si kazi ya kutisha. Unaizima, unatoa skrubu za chini, unabandua mfuniko taratibu kwa kadi ya plastiki, unachomoa soketi ya betri kwenye bodi. Skrubu nne nyingine, betri imetoka. Mpya inaingia kwa njia ileile. Hakuna kuchomelea waya, hakuna kukata chochote. Dakika ishirini nikawa nimemaliza.

Wiki ya tano padi ya kipanya ikakataa kubonyezeka. Nikafungua siku hiyohiyo. Seli mbili kati ya tatu zimevimba kama mto, zinaisukuma padi kutoka chini. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwanangu wa miaka sita aliangalia katuni kwenye laptop hiyo, kitandani, inachaji. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa au ikizidi joto inaweza kulipuka moto, na godoro letu ni la sponji. Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile. Betri yenyewe ipo nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Ukikuta yako imevimba usiichaji, usiibonyeze irudi, na usiitupe kwenye jalala linalochomwa moto.

Nikaanza kuisoma lebo, kitu nilichotakiwa kufanya palepale dukani. Imeandikwa volti 11.4, mAh 6,000, Wh 48. Zidisheni wenyewe. mAh 6,000 ni Ah 6, na volti mara Ah ndiyo Wh, yaani nishati ambayo betri inabeba: 11.4 mara 6 ni 68.4, si 48. Betri ya Wh 48 kwa volti hizo ni ya mAh 4,200 hivi. Yaani aliyechapa lebo hata hesabu hakupiga! Kabla sijaitoa nilikuwa nimeendesha amri ya powercfg /batteryreport kwenye Windows, ile inayotoa ripoti ya afya ya betri. Uwezo uliobaki: Wh 21. Wiki tano, wakuu.

Nikarudi dukani na picha, ripoti na risiti. Kijana hakuangalia hata kimoja. Swali lake lilikuwa moja tu:

"Nani alikufungia?"

"Nimefunga mwenyewe."

"Hapo ndipo ulipoharibu, kaka. Garantii ni kwa iliyofungwa na fundi."

Hakuniambia hivyo wakati anahesabu pesa yangu. Kwenye risiti haipo. Kwenye boksi haipo. Nikamwomba anionyeshe kosa nililofanya kwenye kufunga, soketi imepinda wapi, waya umeungua wapi. Akageukia mteja mwingine.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia ningempelekea fundi. Fundi angefunga betri ileile na ingevimba vilevile. Tofauti ni kwamba ningelipa na ya ufundi, kisha duka na fundi wangenirusha kama mpira. Mafundi waaminifu wapo na nawaheshimu, ila mikono ya fundi haigeuzi betri feki kuwa nzima.

Kinachoniuma zaidi ni kuona wenzetu wanakoelekea. Umoja wa Ulaya umeshapitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 18, 2027 vifaa vingi vyenye betri ndogo vitakavyouzwa kule viwe ni vya mtumiaji kuweza kuitoa na kuibadili betri mwenyewe. Mtu wa kawaida, na bisibisi yake. Hapa ukisema umefungua chako mwenyewe unafanywa mhalifu, na hela yako inaliwa juu yake.

Sitaki huruma. Nataka 95,000 yangu au betri nzima. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumhadaa mnunuzi, na lebo isiyokubaliana na hesabu yake yenyewe sijui iitwe nini kingine. Jumamosi narudi dukani na ripoti niliyoichapa. Wakinizungusha tena, Jumatatu naanza safari ya Tume ya Ushindani.

Aliyewahi kupeleka lalamiko la spea pale anisaidie: risiti ya mkono yenye muhuri waliikubali? Na betri yenyewe walitaka kuiona, au picha zilitosha? Maana kuibeba kwenye daladala ikiwa katika hali hii siwezi.