Mjadala: Je, ni haki timu ya Argentina kushushwa daraja kwa wastani wa misimu mitatu?

Wakuu, kila ikitajwa ligi kuu ya Argentina tunaishia kwenye Boca Juniors na River Plate, klabu mbili kubwa za huko, na jambo hili zito linapita bila kuguswa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: utaratibu wa kushusha timu kwa wastani, ambao wenyewe wanauita promedio, ni dhuluma na unapaswa kufutwa.

Kwa asiyeufahamu: pointi za timu za misimu mitatu hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya mechi ilizocheza. Mwenye wastani mdogo anashuka, hata kama msimu huu amemaliza katikati ya msimamo. Timu iliyopanda juzi huhesabiwa mechi za tangu ilipopanda tu. Tuchukue mfano wa karatasini. Klabu kongwe imepata pointi 60, mwaka wa pili 60 tena, mwaka wa tatu ikavurunda na kuambulia 30, kila msimu mechi 38. Wastani wake ni 1.32. Timu iliyopanda mwaka huo imepata pointi 45, wastani wake 1.18. Anashuka mgeni, ambaye ndani ya msimu huohuo amemzidi mkongwe kwa pointi 15! Hapo haki iko wapi?

Na si karatasini tu. Wastani ulirudishwa mwaka 1983, miaka miwili baada ya San Lorenzo, moja ya klabu tano kubwa za nchi hiyo, kushuka daraja. Mwaka huohuo River Plate ilimaliza nafasi ya 18 kati ya timu 19. Kwa msimamo wa kawaida ilikuwa imekwisha, wastani ukaiokoa. Racing ya Avellaneda ndiyo iliyoshuka, pamoja na Nueva Chicago.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni cha Patronato, klabu ndogo ya mji wa Paraná, mkoa wa Entre Ríos. Mwaka 2022 vijana hao walicheza mpira wa kueleweka. Kwenye ligi hawakuwa mkiani, walikuwa na timu nyingi chini yao. Kwenye Copa Argentina, kombe la taifa, waliitoa River kwa penalti, wakaitoa Boca kwa penalti, na tarehe 30 Oktoba, mjini Mendoza, wakaifunga Talleres 1-0 na kubeba kombe. Walipolinyanyua walikuwa wameshashuka daraja, kwa sababu pointi chache za misimu ya nyuma ziliwavuta chini. Mwaka 2023 wakacheza Copa Libertadores, klabu bingwa ya Amerika Kusini, dhidi ya Olimpia ya Paraguay, Atlético Nacional ya Colombia na Melgar ya Peru, huku nyumbani wakicheza daraja la pili. Bingwa wa kombe la taifa, katika mwaka wake bora kabisa, anaadhibiwa kwa makosa ya mwaka juzi. Mimi hili siwezi kulikubali.

Karibuni, naomba hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Ungekuwa utaratibu wa kulinda wakubwa, River isingeshuka 2011. Walipigwa 2-0 na Belgrano kule Córdoba kwenye mechi za mtoano za kuamua nani ashuke, wakarudi Monumental, uwanja wao, tarehe 26 Juni wakatoka 1-1, na klabu iliyoanzishwa 1901 ikashuka kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye ikafuata Independiente, nayo moja ya zile tano kubwa. Wakubwa nao wameonja.

Halafu kumbuka kwamba kwa miaka mingi mwaka wao uligawanywa katika ligi mbili fupi, Apertura na Clausura, kila moja ikiwa na mechi 19. Kwa mechi chache hivyo, majeruhi watatu na waamuzi wawili wabovu wanatosha kukuzamisha. Wastani unampa mdogo muda wa kujipanga badala ya kuuza kikosi kizima kwa hofu ya kushuka. Kipimo cha muda mrefu ndicho kinachoonyesha klabu inaendeshwaje.

Mleta mada

Ndugu yangu, asante. Hoja yako ya muda wa kujipanga ina uzito, na mechi 19 kweli ni chache. Ila dawa yake ni kujumlisha hizo nusu mbili upate msimamo mmoja wa mwaka, basi. Hata wao wameshaingiza utaratibu wa timu moja kushuka kwa msimamo wa mwaka na nyingine kwa wastani. Ina maana msimamo wa mwaka unawezekana. Kilichobaki ni kuumaliza huo mguu wa pili.

Hilo la River 2011 linanisaidia mimi. Msimu ule walikuwa wa nne kwenye Apertura na wa tisa kwenye Clausura, ligi ya timu 20. Hiyo si timu ya kushuka. Jiwe walilobeba lilikuwa Apertura ya 2008, walipoburuta mkia. Na ule ubingwa wa Clausura walioupata miezi michache kabla yake ulikuwa nje ya hesabu ya misimu mitatu. Mariano Pavone, aliyeifungia River bao siku ile ya sare na Belgrano kisha akakosa penalti, alijiunga na River mwaka 2010. Alilipa deni ambalo hakulikopa. Sijasema wastani unawapendelea wakubwa siku zote. Nasema unamhukumu mtu kwa mechi ambazo hakucheza, awe mkubwa au mdogo.

Niongeze moja, maana najua litaletwa: Julai 2024, ligi ikiwa inaendelea, chama cha soka, AFA, kilifuta kabisa kushuka daraja kwa msimu ule, na 2025 ligi ikawa na timu 30. Hilo nalo silitetei. Kanuni za mashindano hazibadilishwi watu wakiwa uwanjani. Lakini ubaya wa uamuzi ule hauufanyi wastani kuwa mzuri.

Sasa wewe na wengine mnaoutetea, naomba mnijibu la Patronato. Mngesimama mbele ya wachezaji wale, kombe mkononi, mngewaambia wameshuka kwa kosa gani la mwaka 2022?